Maswali na majibu: Vile vijiti vyeupe nilivyoviona dirishani mwa ndege ni nini?

SWALI: Shikamoo mpima wetu. Nilisafiri kwa ndege ya asubuhi kutoka Dar kwenda Nairobi, nikakaa dirishani upande wa kushoto, nikapiga picha tatu. Ya kwanza, kama dakika 7 baada ya kupaa, ina miraba ya rangi mbalimbali kando ya bahari. Ya pili ina mashamba makubwa yaliyonyooka chini ya milima. Ya tatu, kama robo saa kabla ya kutua, ina vijiti vyeupe juu ya vilima. Abiria mwenzangu alisema ni nguzo za umeme, mimi nikasema ni mitambo ya upepo. Nani kapatia? Na mtu aliye juu anavitambuaje vitu vya chini? (Msomaji, Chumbageni, Tanga)

JIBU: Marahaba, dada. Vijiti ni mitambo ya upepo, umepatia. Ila na mwenzako hakusema ovyo, nitamfikia.

Kwanza nikupongeze kwa kutaja saa na upande. Kazi yetu ya kusoma picha za anga huanzia hapo, na simu hukutunzia saa ya kila picha bila kuombwa. Ndege kubwa ya abiria ikishatulia angani hukata kilomita kama 13 kwa dakika. Ikiwa bado inapanda ni pungufu ya hapo. Chukua ramani, piga mstari kutoka Dar hadi Nairobi, hesabu dakika zako. Marubani hupewa njia tofauti kulingana na hali ya hewa na wingi wa ndege, kwa hiyo hesabu hiyo itakupa eneo tu. Ukishapata eneo, tafuta kitu cha kudumu: mlango wa mto, ukingo wa mlima, reli. Shamba lililokuwa kijani mwezi wa tano laweza kuwa jekundu kwa vumbi mwezi wa tisa, usilitegemee peke yake.

Dakika 7 kutoka Dar inakuweka karibu na Bagamoyo. Miraba yako ni mashamba ya chumvi, na kwa kuwa pembeni yake naona mlango wa Ruvu ukitema maji ya udongo baharini, nasema ni yale ya upande wa Nunge. Ikuze picha uangalie vizuri. Mraba ulio karibu na mikoko una rangi ya maji ya bahari, unaofuata umekolea, mwingine unaelekea wekundu, na wa mwisho ni mweupe pe. Maji huhamishwa kutoka jaruba moja hadi jingine huku jua likiyakausha, na kila hatua chumvi inazidi. Ule wekundu unatokana na vijidudu vinavyopenda maji makali ya chumvi. Bwawa la samaki halina mfululizo huo wa rangi, wala jaruba la mpunga.

Picha ya pili sina haja ya kukueleza sana, maana ni kwetu. Hiyo ni Korogwe, mashamba ni ya mkonge, na milima ni Usambara. Mkonge hujulikana kwa rangi yake ya kijani kilichofifia, mistari iliyonyooka, na barabara zinazokatiza shamba kwa pembe mraba. Mashamba ya wakulima wadogo hufuata mteremko na makorongo, hayanyooki hivyo.

Sasa vijiti. Tofauti kubwa kati ya nguzo za umeme na mitambo ya upepo haiko kwenye vijiti vyenyewe, iko chini yake. Nguzo hufuatana kwenye mstari mmoja mrefu, na chini yake kuna njia iliyofyekwa ambayo haijali kilima wala bonde. Mitambo ya upepo hutafuta mahali pa juu. Kila mmoja una kiwanja chake kilichosawazishwa na barabara ya udongo inayouingia na kuishia hapo hapo. Barabara hizo huonekana hata pale ambapo mapanga yanayozungushwa na upepo hayaonekani, na kwenye picha yako zipo tatu zilizo wazi kabisa.

Kisha kuna kivuli, ambacho mimi nakiamini kuliko rangi. Asubuhi, ukitazama magharibi, jua liko nyuma yako: vitu vyeupe vinang'aa na vivuli vinalala kwa mbali. Kivuli cha mnara wa upepo ni mstari mmoja mwembamba wenye mapanga matatu kileleni. Cha nguzo ya chuma kina matundu na mikono ya kushikilia nyaya. Jua likiwa nusu ya njia kati ya upeo na utosi, urefu wa kivuli kwenye ardhi tambarare unalingana na urefu wa kitu chenyewe.

Upande wa kushoto unapokaribia Nairobi kuna sehemu mbili za namna hiyo: vilima vya Ngong, ambako mitambo imepangwa juu ya mgongo wa vilima, na Kipeto katika kaunti ya Kajiado, mitambo 60 yenye jumla ya megawati 100, iliyotawanyika kwenye vilima vya malisho. Mapanga ya Kipeto yakizunguka hufanya duara lenye upana wa mita kama 100, karibu sawa na urefu wa uwanja wa mpira. Kwenye picha yako mitambo imetawanyika, kwa hiyo nasema Kipeto. Na ule mstari unaopita nyuma ya mitambo ni nguzo za umeme kweli. Kajiado ndiko kiliko kituo cha Isinya, mwisho wa laini ya kilovolti 400 inayotoka Singida kupitia Arusha na Namanga. Nadhani mwenzako alikuwa anazitazama hizo.

Ukitaka kukadiria umbali, nyoosha mkono na ukunje ngumi. Ngumi hiyo hufunika pembe ya nyuzi kama 10. Kitu kilicho ngumi moja chini ya upeo kiko mbali karibu mara 6 ya kimo cha ndege kutoka ardhini. Ndege ikiwa kilomita 4 juu, kitu hicho kiko kilomita 24 hivi, ndiyo maana mapanga yamefifia.

Huku Tanzania mitambo ya upepo utaiona Mwenga, wilayani Mufindi, ambako iko mitatu yenye megawati 2.4. Kwetu Tanga umeme hufuliwa kwa maji ya mto Pangani, pale Hale na Pangani Falls. Safari ya kurudi, kaa upande wa kulia, na uwashe ramani uliyoipakua kabla: simu ikiwa katika hali ya ndege, nyingi bado hupokea mawimbi ya setilaiti ukiisogeza dirishani. Kila unapopiga picha, piga na ramani yenyewe.