Barua Inasema 50%: Je, Nitalipwa Nusu?

SWALI: Nimepata nafasi ya uzamivu Marekani. Barua inasema nitakuwa msaidizi wa kufundisha "kwa 50%", posho dola 22,500 kwa miezi 9, pamoja na msamaha wa karo. Je, nitapewa nusu ya fedha hizo? Zitatosha?

JIBU: Dola 22,500 ni zako zote. Hiyo 50% ni kipimo cha kazi: wiki kamili ni saa 40, nawe unadaiwa 20. Saa 20 ndizo pia kikomo cha mwenye viza ya F-1 (viza ya mwanafunzi) wakati wa muhula, kwa hiyo usiweke kibarua cha maktaba kwenye hesabu zako.

Ukigawa kwa 9 unapata 2,500 kwa mwezi kabla ya makato. Sasa gawa kwa 12: ni 1,875. Pangia bajeti hiyo ya pili, maana mwenye nyumba anadai pango Juni na Julai kama kawaida. Iandikie idara barua pepe uulize kama kazi ya kiangazi ni ya uhakika au ni ya kugombea, na kama posho huongezwa mwaka hadi mwaka.

Neno la kulichunguza zaidi ni "msamaha wa karo". Karo ni gharama ya masomo tu. Ada za lazima (teknolojia, usafiri, zahanati, pengine ada ya wanafunzi wa kigeni) mara nyingi zinabaki juu yako, na bima ya afya vilevile isipotajwa kwenye barua. Hapa ndipo wengi huumia: ankara ya ada hufika mwanzoni mwa muhula, na malipo ya kwanza bado. Omba jedwali la ada la mwaka huu, toa jumla yake kwenye posho, ndipo ulinganishe na pango la mji huo. Safiri na akiba ya matumizi ya miezi miwili. Namba ya hifadhi ya jamii, ambayo ofisi ya mishahara itakudai, huombwa baada ya kufika, na ni vizuri kungoja siku 10 hivi ili taarifa zako za kuingia nchini zionekane kwenye mfumo. Ukienda mapema mno, ombi linaweza kukwama.

Wala usikubali kuharakishwa. Vyuo vilivyotia saini azimio la Council of Graduate Schools (umoja wa vyuo vinavyotoa uzamili na uzamivu) havitakiwi kukudai jibu la ofa ya fedha kabla ya Aprili 15. Angalia kama chuo chako kimo.

SWALI: Niko hapa kwa F-1, mwaka wa pili. Hati ya mshahara inaonyesha nimekatwa 6.2% na 1.45% mbali na kodi ya mapato. Ni halali?

JIBU: Hayo ni makato ya hifadhi ya jamii na ya Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee. Mwanafunzi wa F-1 ambaye kikodi bado si mkazi, kwa kawaida miaka 5 ya kwanza ya kalenda, hakatwi kwa kazi anayoruhusiwa kufanya chuoni. Yaelekea ofisi ya mishahara imekuandika kama mkazi. Anza nao, uwaombe warekebishe na wakurudishie. Wakishindwa, dai kwa mamlaka ya kodi kwa Fomu 843. Kodi ya mapato ni jambo jingine, hiyo utalipa: jaza Fomu 1040-NR (ya kodi ya mapato kwa asiye mkazi) pamoja na Fomu 8843 (ya kueleza kwamba siku zako za uanafunzi hazikufanyi mkazi).

SWALI: Nichague kufundisha au utafiti?

JIBU: Kama utafiti wenyewe ndio tasnifu yako, chagua utafiti, maana saa unazolipwa zinasogeza kazi yako. Lakini fedha hizo kwa kawaida hutoka kwenye ruzuku ya profesa mmoja, na ruzuku ina tarehe ya mwisho. Muulize inaisha lini, kisha iulize idara kama itakupa nafasi ya kufundisha siku hiyo ikifika. Jibu lao ulipate kwa maandishi.