Goba au Kigamboni, baba anakujibu

Marahaba mwanangu, na mumeo mpe salamu. Meseji yako kuhusu nyumba mnayotaka kununua hapo Dar, ile ya Goba au ile ya Kigamboni, kwamba baba nisaidie ipi iko sehemu salama, nimeisoma na mama yako naye kaisoma, yeye anasema Kigamboni kuna upepo mzuri, basi, mchango wake umeishia hapo.

Nianze na huyo dalali anaesema ya Goba ina fensi ya umeme na kamera kwa iyo hamna wasiwasi. Kamera inamuona mtu akishafika getini, sasa wewe unatoka kazini Posta unashuka kituoni saa tatu usiku umebeba mtoto, kibaka hana haja ya kuruka fensi, anakusubiria hapo kati ya kituo na geti. Kabla hamjatoa hata mia nendeni mkashuke kituoni saa hizo hizo, siku ya kazi sio jumapili, mtembee kwa miguu mpaka kwenye nyumba, mwangalie taa zipo au giza tupu, maduka yanafungwa saa ngapi, na hasa mhesabu mapagale, zile nyumba zilizoachwa bila kuisha. Pagale likishakaa miaka bila mlango wala mlinzi wavuta bangi ndo wenye nyumba, na mchana wanawasoma tu mnatoka saa ngapi mnarudi saa ngapi. Mimi nyumba yenye mapagale njia nzima siinunui hata nikipunguziwa, bora isiyo na kamera ila jirani ana genge nje na muuza chipsi yupo mpaka saa nne.

Alafu nenda serikali ya mtaa mwenyewe, usipelekwe na dalali. Muulize mwenyekiti ulinzi shirikishi upo? kila nyumba inachanga shilingi ngapi? juzi juzi kumeibiwa wapi? Unakumbuka 2022 panya road, wale vijana wa mapanga, walivyotusumbua, kila mtaa ukawa na walinzi, mambo yalivyopoa tu watu wakaacha kuchanga. Akianza kujiumauma nenda kijiweni kamuulize bodaboda usiku huwa anakataa kupeleka abiria wapi, huyo hakufichi.

Na maji jamani. Watu wakisikia salama wanawaza wezi tu wakati Dar mvua imeshabeba nyumba za watu kibao, Desemba 2011 bonde la Msimbazi lilijaa mpaka serikali ikaenda kuwapa watu viwanja Mabwepande. Goba ni vilima na mabonde, nyumba ikiwa imeshuka chini ya barabara zunguka nje uangalie ukuta, ukikuta chini kumepakwa rangi mpya na juu ni ya zamani jiulize wanaficha nini. Kama kuna mto karibu pima, sheria ya mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni, na baharini pia ni hivyo hivyo kwa iyo huko Kigamboni msishangilie tu kuona bahari. Tena Kigamboni sehemu zingine ni tambarare maji yakituama yametuama, kaiangalieni mwezi wa nne masika imekolea.

Makaratasi mumeo anayajua, ila hati mkahakikishe wenyewe ofisi ya ardhi, na mke wa muuzaji asaini. Mwulizie pia kama nyumba haijaingia eneo la barabara, Kimara 2017 nyumba zilivunjwa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, kuna watu walishazeekea humo.

Mkiniuliza mimi naegemea Kigamboni, kwa picha ulizonituma majirani washahamia na watoto wanacheza nje, tofauti na Goba mmezungukwa na misingi mitupu na vichaka. Shida ni tozo ya lile daraja la kuvukia kuja mjini kila siku, pigeni hesabu ya mwezi mzima na mafuta muone kama mshahara unakubali, pantoni nayo mnaijua foleni yake.

Dalali akisema kuna mteja mwingine anakuja kesho na keshi, mwacheni aje, huyo mteja hakosekanagi kwenye kila nyumba. Kianzio msitoe mpaka niongee na muuzaji, nitumie namba yake leo.