Madini yanayotoka na gozi

Wadogo zangu mnaoanza wodi ya majeraha ya moto hapa Dodoma, kabla hamjafungua faili, angalieni gozi, kile kitambaa cha kufungia kidonda. Ile iliyolowa chapachapa haijabeba maji matupu. Ngozi ikiondoka, madini ya zinki, shaba na seleniamu hutoka na majimaji ya kidonda, na aliyeungua zaidi ya asilimia 20 ya mwili huyapoteza kwa wingi wiki ya kwanza.

Nilipoanza kazi ya lishe nilihesabu protini na nishati, basi. Mayai, maziwa, uji wa karanga. Mama mmoja ambaye mwanawe alimwagikiwa na uji wa moto akaniuliza: "Mbona anakula vizuri, kidonda hakifungi?" Sikuwa na jibu, na swali lile halijaniacha.

Zinki inahitajika seli zinapogawanyika. Shaba ndiyo wengi huisahau: kimeng'enya kinachofunga nyuzi za kolajeni, protini inayojenga ngozi, ziwe imara hakifanyi kazi bila shaba. Seleniamu hulinda seli dhidi ya uharibifu wa oksijeni. Huko Lausanne, Uswisi, daktari Mette Berger na wenzake waliwapa wagonjwa wenye majeraha makubwa madini haya matatu kwa njia ya mshipa, na nimonia ya wodini ikapungua.

Sasa onyo. Msirundike vidonge vya zinki. Vile vya miligramu 20 tunavyowapa watoto wenye kuhara ni vya siku 10 hadi 14. Zinki nyingi ya mdomo, ikiendelea muda mrefu, huizuia shaba isifyonzwe utumboni. Na kipimo cha zinki kwenye damu hushuka mwili ukiwaka kwa uvimbe, hata kabla ya upungufu wenyewe. Kisomeni pamoja na CRP, kipimo cha damu kinachoonyesha uvimbe huo.

Kuhusu chakula, kaeni na ndugu wanaoleta mabakuli kutoka Bahi au Kongwa. Uwele na mtama vina zinki, ila nafaka huishikilia isifyonzwe. Kuloweka au kuchachusha unga wa uji husaidia kuiachia. Kipande kidogo cha maini kina shaba nyingi kuliko nyama ya kawaida, na ufuta nao unayo. Kwa jeraha kubwa, hata hivyo, sahani peke yake haifidii kinachovuja. Zungumzeni na daktari mapema.

Kila zamu, muulizeni muuguzi aliyefungua vidonda: gozi ngapi zimelowa leo? Andikeni jibu lake karibu na hesabu ya chakula.