Jibu: Dawa yenye 2,4-D kwenye ukoka wa nyumbani, Ontario

Habari ndugu. Umeuliza kama unaweza kunyunyizia ukoka wa nyumba yako hapo Hamilton dawa yenye 2,4-D (kemikali ya kuua magugu ya majani mapana) uliyonunua Marekani, kwa kuwa hukuona katazo lolote katika sheria ndogo za mji. Tafadhali usiifungue. Tangu tarehe 22 Aprili 2009 matumizi hayo yamekatazwa na sheria ya jimbo zima la Ontario, iliyoziondolea nguvu sheria ndogo za miji kuhusu dawa za kuua magugu na wadudu zinazotumiwa kupendezesha bustani tu, na ndiyo maana hukuona kitu. Miji ndiyo iliyotangulia kuzikataza dawa hizo, ikianza na Hudson, Quebec, mwaka 1991, na katazo hilo lilipopingwa, Mahakama ya Juu ya Kanada ikaupa haki mji huo mwaka 2001.

Kwanza tazama lebo: dawa isiyo na namba ya usajili ya Kanada irudishe dukani au ipeleke kwenye kituo cha taka hatari, wala usiimwage mferejini.

Mimi nilitumia dawa ya madini ya chuma, ambayo inaruhusiwa. Majani mapana ya magugu yale ya maua ya njano yalikuwa meusi kufikia kesho yake, huku ukoka ukibaki kijani, lakini mizizi mirefu ilichipua tena na nikarudia baada ya wiki nne. Iliyosalia niliing'oa kwa kisu chembamba asubuhi baada ya mvua, udongo ukiwa laini. Watoto wako wanacheza hapo. Kazi hiyo ya mikono inastahili.