Nyoosha kwanza, chuma baadaye

Wadogo zangu mnaoanza kazi ya mifupa huku Mtwara, mtampokea sana bibi aliyeteleza uani kwake Newala au Tandahimba, akafikishwa kwetu siku ya tatu, paja limevunjika karibu na nyonga, mguu umefupika na unyayo umegeukia nje. Misuli imeshakaza, kwa hiyo msitegemee uvutike kirahisi.

Mwanzoni niliamini chuma kirefu cha ndani ya mfupa kikishaingia, vipande vitajipanga. Havijipangi! Pale karibu na nyonga uwazi wa mfupa ni mpana, chuma kinacheza bila kugusa kuta. Bibi mmoja nilimwekea shingo ya paja ikiwa imeinama; wiki chache baadaye skrubu inayopita kwenye chuma hadi kichwani ilikuwa imetoboa kichwa cha paja. Sijamsahau.

Basi vuta mguu mezani, upige picha mbili za eksirei. Kwenye ya mbele, ncha ya trokanta kubwa, ile nundu ya nje juu ya mfupa wa paja, ilingane na katikati ya kichwa cha paja. Ikiwa juu zaidi, shingo imeinama, usiendelee. Ya ubavuni wengi huipita haraka, na huko ndiko paja linakobonyea chini kwa uzito wake. Liinue kwa kitu kigumu.

Likikataa, pasua sentimita mbili tatu ulibane kwa koleo la mfupa. Si aibu. Mvunjiko ukishuka chini ya trokanta, kipande cha juu hunyanyuliwa na msuli wa iliopsoasi, ule wa mbele ya nyonga, na kuvutwa nje na misuli ya matako, hata uvute mguu namna gani. Hapo koleo ni lazima, pengine na waya wa kuzungushia.

Keekee ya kufungulia njia ya chuma ndiyo huharibu kazi nzuri. Ikiingia vibaya hupanua ufa kama kabari na shingo inainama tena. Anzia kwenye ncha ya trokanta au ndani yake kidogo, kamwe si upande wa nje. Izunguke kwa kasi, uisukume polepole, koleo likiwa bado limebana.

Kabla ya skrubu ya kichwa, choma waya wa pili, kando ya ule unaoiongoza skrubu, kichwa kisizunguke nayo. Pima kutoka ncha ya skrubu hadi kilele cha kichwa kwenye picha zote mbili, urekebishe ukuzaji wa picha, ujumlishe: isizidi milimita 25. Kipimo hicho daktari wa mifupa Baumgaertner na wenzake walikitoa mwaka 1995, na mimi bado nakipima kila mara.

Legeza mvuto wa mguu kabla ya skrubu ya chini inayofunga chuma, vipande vikutane. Kesho yake asubuhi, kama hali yake inaruhusu, msimamisheni bibi na fremu yake.