Mama Katangulia, Watu Wake Wapo

Mwenzangu uliyefiwa na mama, nina ushauri mmoja ambao mimi umenishika mkono kuliko pole zote nilizopewa: watafute watu wa mama yako, uendelee nao.

Mama yangu aliuza vitumbua Muheza kwa miaka mingi. Usiku analoweka mchele, unasagwa, unatiwa tui na hiliki na kuachwa uumuke, na kabla ya adhana ya alfajiri yuko mbele ya chuma chake, anageuza kimoja kimoja. Ada, sare, nauli ya kwenda shule, vyote vilitoka hapo. Kusoma alijifunza ukubwani. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na katika miaka iliyofuata madarasa ya kisomo yakaenea mpaka vijijini. Mama alikwenda, mtoto mgongoni. Alitoka na mwandiko wa herufi kubwa zilizoachana, na tangu hapo hakuacha kuandika.

Alichoandika ni watu. Alikuwa na kaunta buku lenye jalada gumu, na ndani yake kila harusi, kila msiba, kila uzazi wa nyumbani kwetu una majina: nani alikuja, na alikuja na nini. Sukari kilo mbili. Doti ya khanga. Mkungu wa ndizi. Upande wa pili wa ukurasa kuna alama ya vema pale aliporudisha. Katika ukurasa wa msiba wa baba kuna mstari ambao huwa naurudia: jina la jirani, halafu, "Hakuwa na kitu. Akafua nguo zote." Pembeni yake hakuna vema. Nadhani mama aliona hilo halilipiki kwa mara moja, kwa sababu mpaka anafariki alikuwa akimpelekea yule jirani vitumbua kila Ijumaa.

Sasa napeleka mimi, na nikiwa safarini namwagiza mtu.

Tunapofiwa tunamalizia nguvu kwenye arobaini. Dua na hitma ni haki ya marehemu, sina neno nazo. Ila huu mtindo wa sare mpya za ukoo mzima na mpiga video unaninyima raha, hasa pale unapokuta marehemu anadaiwa na hakuna aliyeuliza. Kwetu Waislamu deni linalipwa kabla mirathi haijagawanywa. Basi ulizia. Kama mama alikuwa kwenye upatu, nenda kwa kijumbe, yule anayekusanya michango: mama akiwa ameshapokea, zamu zilizobaki ni deni lake, akiwa bado, ile ni haki yake na inaingia kwenye mirathi. Kama alikuwa kwenye kikoba, mwone katibu akueleze hisa zake na mkopo wake. Na laini yake ya simu usiitupe mpaka umenakili namba zote, maana ikikaa muda mrefu bila kutumika kampuni huifunga, na shoga yake wa Korogwe hutampata tena.

Madeni yakishakwisha, ndipo ziara kwa watu wake zianze. Usiende mkono mtupu, na usiende kulia. Nenda ukae. Saidia kuchambua mchicha au kukuna nazi, uulize, "Mama, mlijuana vipi na mama yangu?" Kisha nyamaza. Wazee wanapenda kusimulia, tatizo sisi watoto huwa tuna haraka. Mmoja wa hao mama zangu ndiye aliyenipa habari ambayo mama mwenyewe hakuwahi kuitamka. Miaka yote niliamini alikwenda kisomo kwa kuwa serikali ilihimiza. Kumbe baba alikuwa shamba la mkonge, akituma barua, na mama anasomewa na jirani. Siku moja akahisi jirani kamsomea nusu. Kesho yake jioni akaenda kujiandikisha. Nilipoisikia hiyo nilielewa kwa nini hakuna binti yake hata mmoja aliyeruhusiwa kukatisha shule, hata mwaka ambao mchele ulipanda bei na biashara ikayumba.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Abdullah bin Umar alikutana na bedui njia ya Makka, akampandisha punda wake mwenyewe na kumvika kilemba alichokuwa amekivaa. Wenzake wakaona amezidisha, maana bedui huridhika na kidogo. Akawajibu kwamba baba yake yule mtu alikuwa rafiki wa Umar, na kwamba alimsikia Mtume akisema wema ulio bora ni mtoto kuwaunga wale waliopendwa na baba yake. Kwa mama nalichukua hivyo hivyo.

Haitakuwa rahisi kwa kila mmoja. Wapo akina mama ambao hawakuelewana hata na ndugu, na wapo watakaokuja kwako na madai ya uongo. Sikiliza kwa adabu, uliza shahidi, usitoe hela siku hiyo hiyo.

Na kama mama yako hakuacha maandishi yoyote, kuna daftari moja hukosi: la rambirambi, lile linaloandikwa pale msibani. Liombe kabla turubai halijashushwa, kabla halijapotelea kwa mtunza hazina wa kamati. Hata hilo likishindikana, anza na wanawake waliomwosha na kumvika sanda. Hao wanajulikana kila mtaa, na aghalabu ndio waliomjua mama yako kuliko wote.