Wasomaji Wanauliza: Kuondoa Mandhari ya Nyuma ya Picha

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa watu wanaouza bidhaa kwa njia ya mtandao na kwa wenye studio ndogo za picha hapa Dar es Salaam, nazo zinazunguka jambo moja: namna ya kumtoa mtu au kitu katika picha yake na kuiacha nyuma ile mandhari isiyotakiwa. Zilizofanana tumeziunganisha.

SWALI: Ndugu Mhariri, ninauza vitenge Kariakoo, na wateja wangu wa mikoani huchagua kwa kutazama picha. Huwa navitundika kwenye ukuta wa duka, uliopakwa rangi ya kijani, nikavipiga picha, kisha nauondoa ukuta kwa kompyuta ili kitenge kibaki juu ya weupe. Lakini kandokando ya kitenge hubaki mstari mwembamba wa kijani, na baadhi ya maua ya kitenge hutoboka kabisa. Je, programu yangu ni mbovu?
Muuza vitenge, Kariakoo

JIBU: Programu yako ni nzima, kinachokusumbua ni ukuta. Kutokana na maelezo yako ya maua kutoboka, inaelekea unatumia kile kifaa chenye alama ya fimbo ya kichawi, ambacho hakijui kitenge ni nini wala ukuta ni nini, bali hulinganisha tu rangi ya mahali ulipobofya na rangi ya pikseli nyingine, yaani vile vijinukta vidogo vinavyounda picha, na kuchukua zote zinazokaribiana. Katika Photoshop, programu ya kulipia ya kuhariri picha, kiwango cha ukaribu huo, kabla hujakibadilisha, huwa ni 32 katika kipimo kinachokwenda mpaka 255, kwa hiyo ua lolote la kijani kilicho karibu na kijani cha ukuta huchukuliwa pamoja na ukuta. Ukiweka alama kwenye chaguo la kuteua pikseli zilizoungana peke yake, maua ya katikati yatapona, ingawa ua lililokatwa na pindo la kitenge litaendelea kuliwa kwa sababu linagusana na ukuta.

Pengine rangi hiyo ya kijani ilichaguliwa kwa kufuata mfano wa watu wa filamu na televisheni. Wao wana sababu zao: ngozi ya binadamu haina kijani kingi, na kihisi cha kamera nyingi za dijitali, yaani sehemu inayopokea mwanga, kimepangwa kwa muundo uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak katika miaka ya 1970, ambamo kwa kila kichujio kimoja chekundu na kimoja cha bluu kuna viwili vya kijani, hivyo taarifa za rangi hiyo huwa safi kuliko za nyingine. Lakini kitenge si ngozi, na ni vigumu kupata duka la Kariakoo ambalo nusu ya vitenge vyake havina kijani ndani yake. Tundika shuka la kijivu cha wastani lisilo na maua, mbele ya ukuta huo huo, na nusu ya kazi yako itakuwa imekwisha kabla hujawasha kompyuta.

Ule mstari wa pembeni una maelezo yake. Mahali kitenge kinapoishia na ukuta unapoanzia, pikseli moja hupokea mwanga wa pande zote mbili, na rangi yake inakuwa kama chai ya maziwa, ambayo huwezi kuonyesha tone moja ukasema hili ni chai na hili ni maziwa. Ukiibakiza pikseli hiyo, unabakiza kijani. Ukiiondoa yote, pindo linakuwa na meno kama lililokatwa kwa mkasi butu. Zaidi ya hayo, ukuta wenye rangi kali hurudisha mwanga wake juu ya kitu kilicho karibu nao, kwa hiyo hata uzi wa pembeni wenyewe unakuwa umepakwa kijani. Dawa ya hili la pili ni umbali: weka kitenge mita moja na nusu au mbili mbele ya mandhari. Dawa ya lile la kwanza ni kuusinyaza uteuzi wako, yaani eneo ulilolichagua, kwa pikseli moja au mbili, kwa amri iitwayo Shrink katika GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kisha kuulainisha kwa kiasi kidogo sana, nusu pikseli hadi pikseli moja. Photoshop ina pia, ndani ya dirisha la Select and Mask, chaguo la kusafisha rangi za ukingo, ambalo hubadilisha rangi ya pikseli hizo za mchanganyiko kwa kuazima rangi ya kitu chenyewe.

Hata hivyo, kwa kitenge kilichokunjwa vizuri, ambacho pande zake ni mistari iliyonyooka, ningeiacha kabisa ile fimbo na kutumia kifaa cha kalamu. Unaweka nukta chache pembeni, unafunga mzunguko, na rangi ya ukuta haina nafasi tena ya kukuchanganya. Vijana wengi hukiogopa kifaa hiki kwa sababu siku ya kwanza kinachosha, lakini sijaona njia nyingine inayotoa ukingo safi kama huo kwa kitu chenye umbo linaloeleweka. Na usifute mandhari kwa raba. Ficha kwa maski, yaani tabaka la rangi nyeusi na nyeupe ambapo nyeusi huficha, nyeupe huonyesha na kijivu huonyesha kwa sehemu, kwa kuwa kilichofichwa kwa maski hurudishwa wakati wowote, na kilichofutwa kwa raba faili likishahifadhiwa hakirudi tena.

SWALI: Nikimaliza kuondoa mandhari kwenye nembo ya mteja naiona vizuri kwenye kompyuta yangu, ikiwa na vile viboksi vya kijivu na vyeupe vinavyoonyesha kuwa nyuma ni wazi. Nikimtumia kwa WhatsApp anaipata ikiwa na mraba mweupe nyuma yake, na siku nyingine mweusi. Anadhani sikufanya kazi.
Mchapishaji wa fulana, Manzese

JIBU: Ulifanya kazi, ila imevuliwa njiani. Uwazi wa picha huhifadhiwa katika sehemu ya nne ya faili, iitwayo chaneli ya alfa, inayokaa pembeni ya nyekundu, kijani na bluu. Muundo wa PNG, uliobuniwa katikati ya miaka ya 1990 kuchukua nafasi ya GIF, una chaneli hiyo. JPEG haina kabisa. WhatsApp inapotuma picha kama picha huibana na kuigeuza JPEG, na mahali palipokuwa wazi panalazimika kupewa rangi fulani. Hifadhi nembo kama PNG, kisha itume kwa kupitia chaguo la waraka badala ya lile la picha, nayo itafika kama ilivyotoka kwako. Mwambie pia mteja wako asiichukue kutoka kwenye picha ya skrini.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Ninapiga picha za harusi. Programu za kisasa zinaondoa mandhari kwa kubofya mara moja, lakini bibi harusi akiwa na shela au nywele zake za asili zikiwa zimeachwa wazi, matokeo yanaaibisha: nywele zinakuwa kama kofia, na shela ama inatoweka ama inabaki na rangi za ukumbi. Nifanyeje?
Mpiga picha, Sinza

JIBU: Marahaba. Programu unazozisema zimefundishwa kwa mifano mingi ya picha ambazo watu walizichonga kwa mkono, na kazi yake kubwa ni kukisia kipi ndicho kitu kikuu katika picha. Huduma ya remove.bg, iliyoanza mwaka 2018, ndiyo iliyoifanya mbinu hiyo ijulikane kwa watu wa kawaida, na baadaye programu nyingi za simu na kompyuta zikaweka kitufe cha namna hiyo. Mabega, mikono na gauni zito huzipata vizuri mno. Zinaposhindwa ni pale ambapo jibu la kweli si ndiyo wala hapana, na nywele za kipilipili pamoja na shela ni mifano miwili ya jambo hilo.

Tuanze na nywele, kwa kuwa hapa bibi harusi mwenye nywele nyeusi ana bahati. Mpige picha mbele ya mandhari meupe au ya rangi iliyopauka sana, yenye mwanga wa kutosha. Baada ya kumchonga kwa kitufe cha kawaida na kumweka juu ya mandhari mapya, weka nakala ya picha ya asili katikati, chini ya mchongo na juu ya mandhari mapya, kisha badilisha hali ya uchanganyaji ya nakala hiyo iwe Multiply. Hali hiyo huzidisha thamani za rangi za matabaka mawili, na kwa kuwa nyeupe huhesabiwa kuwa moja, kila palipo peupe panatoweka na kila unywele mweusi unabaki, hata ule ambao hakuna programu ingeuona. Kisha ficha kwa maski sehemu zote za nakala hiyo isipokuwa ukanda mwembamba unaozunguka nywele. Njia hii inafaa kama mandhari mapya nayo ni ya rangi nyepesi. Kwa mandhari ya giza, tengeneza maski kutokana na chaneli moja ya rangi, ile inayoonyesha tofauti kubwa zaidi kati ya nywele na ukuta, kwa kuongeza ukali wake mpaka nywele ziwe nyeusi tupu na ukuta uwe mweupe tupu, kisha uigeuze.

Shela ni ngumu zaidi, kwa sababu kila uzi wake unaruhusu sehemu ya ukumbi ipite, na kiasi kinachopita hubadilika kila kitambaa kinapojikunja. Chaneli ya alfa ya kawaida ina ngazi 256, kutoka 0 isiyoonekana hadi 255 isiyopitisha kitu, na shela huhitaji sehemu kubwa ya ngazi hizo. Ningeshauri uiweke katika tabaka lake peke yake, uipake maski kwa brashi laini ya kijivu, kisha uipunguze rangi mpaka ibaki nyeupe na kijivu, kwani taa za zambarau za ukumbi zilizonaswa ndani yake ndizo zinazoisaliti kazi. Itakuchukua muda, na bei yako kwa mteja inapaswa kulijua hilo.

SWALI: Mama yangu yupo Masasi. Nimeichukua picha yake aliyopigwa akiwa amesimama sebuleni, nikamwondoa mle na kumweka mbele ya Daraja la Tanzanite hapa Dar es Salaam. Kingo zote ni safi, lakini kila anayeiona anasema amebandikwa.
Msomaji, Temeke

JIBU: Wanachokiona ni mwanga. Dar es Salaam iko karibu nyuzi saba kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua la saa saba mchana hupiga karibu kutoka utosini kwa sehemu kubwa ya mwaka, likiacha vivuli vifupi na vikali, hasa chini ya macho na kidevu. Taa ya sebuleni haifanyi hivyo. Badala ya kupambana na uso wa mama, tafuta picha nyingine ya daraja, iliyopigwa siku ya mawingu au asubuhi na mapema, ambapo mwanga ni laini na hauna upande unaojulikana.

Kisha tazama urefu. Mstari wa upeo, pale bahari inapokutana na mbingu, hupita katika kimo cha kamera iliyopiga picha. Ikiwa daraja lilipigwa na mtu mzima aliyesimama ufukweni, mstari huo unapaswa kumpita mama karibu na macho. Ukimpita kiunoni, ubongo wa mtazamaji unakataa hata kama mdomo hauwezi kueleza kwa nini. Vilevile mpe kivuli chini ya nyayo, katika tabaka lililo chini yake, kikiwa cheusi na kikali pale viatu vinapogusa ardhi na kufifia kadiri kinavyokwenda mbali. Mwisho, ikiwa picha moja ni ya simu ya zamani yenye chengachenga na nyingine ni safi, ongeza chenga kidogo kwenye ile safi mpaka zilingane.

SWALI: Shule moja imenipa kazi ya picha za mahafali za watoto, zote zinatakiwa ziwe na mandhari ya bluu. Nina kompyuta mpakato ya kawaida, na bando langu ni dogo. Nizipandishe kwenye tovuti za bure, au ninunue Photoshop ya bei nafuu iliyo kwenye flashi?
Mwenye studio, Mbagala

JIBU: Si hiki wala kile. Tovuti nyingi za bure hukupa matokeo yenye pikseli chache, yanayotosha kwenye skrini na kuvunjika yakichapishwa, na kila picha unayoipandisha inakwenda kwenye seva ambayo mara nyingi iko nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inagusa pia usafirishaji wa taarifa za watu kwenda nje, na sura ya mtoto anayetambulika ni taarifa yake. Ukitaka kuzipandisha, upate kwanza ridhaa ya wazazi kupitia shule. Hizo flashi nazo zina programu iliyovunjwa ulinzi, na aliyeuvunja ulinzi huo hajulikani ameongeza nini ndani yake.

Pakua GIMP mara moja tu. Ni ya bure kihalali na baada ya hapo haihitaji intaneti. Photopea hufunguka ndani ya kivinjari, lakini kazi yote hufanyika kwenye kompyuta yako, na picha hazipandishwi popote. Kama una iPhone ya mwaka 2018 au ya baada ya hapo, yenye mfumo endeshi wa iOS 16 au toleo jipya zaidi, ukimbonyeza mtoto ndani ya picha bila kuachia kidole, atajitenga na mandhari papo hapo, bila kutumia bando.

Lakini kwa kuwa watoto wote watapigwa picha mahali pamoja na siku moja, nunua mita chache za kitambaa cha bluu kisichong'aa, kinyooshe kwa pasi, kitundike, na uwapige watoto mbele yake. Hutakuwa na mandhari ya kuondoa.